Bi Maisara wa Kiponda

Kila Jumamosi asubuhi nina darasa la uchoraji katika chumba cha juu huko Mkunazini, chumba chenye madirisha mawili na feni inayopiga kelele kuliko wanafunzi. Siku nyengine za wiki nafundisha skuli ya serikali, watoto hamsini na nane kwa brashi kumi na moja, na huko hakuna falsafa, ni kugombania brashi tu. Lakini la Jumamosi ni darasa la watu wazima wanaokuja kwa kupenda wenyewe, na huko ndiko nilikojifanya mtu mwenye maneno. Mwanafunzi mpya akija humpa swali moja kabla hajagusa karatasi. Nijibu kwanza, humwambia, wewe umesimama wapi? Picha ya mahali haianzi na mahali, inaanza na yule aliyetazama. Kama hujui ulipo, utaishia kuchora alichokiona mtu mwengine.

Nimeyasema hayo kwa miaka kumi na minane, nimekunja mikono, nimeinua kidevu. Nikikikumbuka kidevu kile natamani kujifunika buibui gubigubi.

Jina langu Maisara Silima, na nina miaka arubaini na tisa. Watu wanaonijua wananijua kwa nyumba moja ya Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, ghorofa tatu na ua wa ndani, ambayo nimeichora zaidi ya mara arubaini. Nimechora kamba za nguo zilizokatiza ua, ngazi na miguu inayoshuka, sinia la mchele lililoachwa juani, mwanga wa saa nne unavyomwagika kutoka juu mpaka sakafuni. Picha zote nimezipa jina la Nyumba Yetu, na nambari. Kilichowapendeza wajuzi ni kuwa katika picha zote hizo hamna mlango. Wachoraji wa Mji Mkongwe tunaishi kwa milango, ya njumu na ya nakshi, mgeni hapandi ndege bila ya mlango mmoja begani. Mimi sikuchora hata mmoja. Redioni mtangazaji akaniuliza kwa nini, nikajibu kuwa mlango umeshauzwa vya kutosha, mimi nimekataa kuwa dalali wake. Yule bwana akastaajabu. Na mimi nilistaajabu, maana jawabu lile nililitunga palepale.

Ukweli ni kuwa mlango mkubwa wa nyumba ile sikuwahi kuupita. Sisi tukiingilia nyuma, kwa kichochoro kinachopita maji machafu, kwenye kilango cha mbao tupu kilichofungwa kwa ndoana. Mama yangu, Mwanapili, alikuwa akifua, akipiga pasi na kupika katika nyumba hiyo tangu nina miaka minne mpaka nilipotimia kumi na mbili, wenyewe walipohamia Maskati. Kwetu ni Jang'ombe, huko Ng'ambo nje ya Mji Mkongwe, chumba na ukumbi. Na kabla ya Jang'ombe, kwao mama ni Makunduchi, na Kimakunduchi chake nilikicheka tangu mdogo mpaka akaacha kukisema mbele yangu.

Asubuhi tukitoka kwa miguu, tukipita Michenzani na kutokea Darajani, mimi nikimkimbilia nyuma kwa sababu mama alikuwa na mwendo wa mtu anayeitwa. Nikifika hukaa jikoni mpaka saa ya skuli, na mchana hurudi hapohapo jikoni. Ndipo nilipoanza kuchora, kwa kipande cha kaa, juu ya sakafu ya ua. Bi Shahida, mwenye nyumba, akipita husema, "Mwanapili, mwanao kanichafulia ua." Kisha husimama akatazama nilichochora. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akimwita mama Mwanapili tu, bila ya Bi, na mama akimwita yeye Bi Shahida, na walikuwa wamelingana umri.

Uongo wangu haukuanza kwa kusudio la kuongopa. Kwenye maonyesho yangu ya mwanzo, bibi mmoja wa makamo, wa watu wa Mjini hasa, ananukia udi, alisimama mbele ya picha ya ua akaniuliza, "Kwenu wapi, mwanangu?" Hapa kwetu swali hilo haliulizi unalala wapi. Linauliza wewe ni nani, wa nani, nikuwekee kiti au nikwambie ungoje. Nikasema, "Kiponda." Akafurahi. Akanishika mkono, akasema, "Ndo maana. Mambo haya mtu wa Ng'ambo hawezi kuyachora."

Nilikuwa na la kumjibu, na lilikuwa limeshafika mdomoni. Badala yake nilicheka naye.

Baada ya hapo sikuwa tena na haja ya kuongopa, watu wengine wakaifanya kazi hiyo kwa niaba yangu. Gazetini nikaitwa mtoto wa Kiponda. Wanafunzi wangu wakawaambia wenzao kuwa mwalimu katoka katika zile nyumba za zamani, na mimi nikisikia hujifanya napanga rangi. Na mwaka jana Suhaib, kijana anayeandaa maonyesho, mwenye bidii na miwani mikubwa, akaniandikia kijitabu. Ndani yake kuna sentensi hii: "Bi Maisara alizaliwa na kukulia katika nyumba ya ukoo wake, Kiponda, na picha hizi ni kumbukumbu ya wazee wake." Aliniletea nisahihishe kabla hakijapigwa chapa. Nikakaa nacho, kalamu mkononi, nikasoma sentensi hiyo mara tatu. Nikaondoa koma moja ukurasa wa pili, nikamrejeshea.

Aliyekaribia kunikamata alikuwa Mzee Usi. Huyu ni mwanafunzi wangu wa Jumamosi, mpima ardhi mstaafu, ambaye maisha yake yote kapima viwanja na hajui kutazama kitu bila ya kukipima. Siku moja alikuja darasani na futi ya kukunja na kile kijitabu, akanyoosha mkono kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Mwalimu, nna suala."

"Lete, Mzee Usi."

"Hizi picha zako nimezipima zote. Mstari wa macho uko chini. Si macho ya mtu aliyesimama. Nkasema labda kakaa kitini, lakini wa kitini anaona juu ya meza, na huyu juu ya meza haoni. Nkasema labda yuko mkekani, lakini wa mkekani angekuwa chini zaidi." Akafungua futi, akaifunga. "Siku tatu sijalala vizuri. Jana mke wangu anakuna nazi, nkamwambia ebu tulia, nkampima. Mwalimu, weye umekaa juu ya mbuzi!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwenyewe alicheka, meno yake machache yote nje. Kisha akanitazama usoni, na akaacha kucheka kabla ya wengine.

"Mchoraji hukaa popote, Mzee Usi," nikamwambia.

"Naam, Mwalimu," akasema, akatia futi mfukoni. "Suala langu limekwisha."

Nikawapa zoezi la kuchora feni ili wanyamaze. Nilikasirika, si kwa nafsi yangu bali kwake yeye na futi yake. Maana alisema kweli tupu. Kuanzia miaka saba nilikuwa nikikuna nazi katika jiko lile, nazi mbili kila siku, tatu siku za wageni, nimekaa juu ya mbuzi karibu na kizingiti, na dunia nzima nimeiona kutoka hapo. Miguu ikishuka ngazi naijua ya nani kabla ya uso kutokea. Kwa hiyo mimi, mwenye kuwauliza watu wamesimama wapi, sikuwa nimesimama kabisa.

Mwezi mmoja baadaye Suhaib akaja mbio na habari. Nyumba ya Kiponda sasa ni hoteli ndogo, ya watu wengine kabisa, na wamekubali tutundike picha ndani yake, palepale uani. "Utatutembeza, Bi Maisara," akasema. "Utuoneshe ulipolala, ulipochezea. Wageni watalia."

Nikamwambia vizuri.

Nilijua hapohapo kitakachoniumiza, na si Suhaib, wala wajuzi, wala yule bibi wa udi. Nilikuwa nakwenda kusimama katika nyumba ambayo mama yangu ameivunjia mgongo, niiite yetu, na yeye nimwache nje ya maneno yangu. Mama yu hai. Ana miaka sabini na tatu, anaishi Jang'ombe katika chumba kilekile, na mimi naishi naye. Hakuwa mzee wa hadithi aliyekwisha kufa nikaweza kumtia maneno mdomoni. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza nitakula nini.

Kijitabu nilikiacha juu ya kabati kwa wiki nzima. Macho ya mama yana mtoto wa jicho, kusoma hawezi tena, lakini picha alizitambua kwa kuzisogeza karibu na pua. Jioni moja aliniita kutoka ukumbini.

"Maisara!"

"Labeka."

"Njoo unisomee. Hii si ngazi ya kwa Bi Shahida?"

"Ndiyo, mama."

"Na hizi kamba zangu." Akapitisha kidole juu ya zile nguo zilizoanikwa. "Shuka za Bwana zilikuwa nzito hizo, mwanangu. Zikirowa huwezi peke yako. Soma basi."

Nikakaa ubavuni pake nikasoma. Nilisoma kuhusu rangi, kuhusu mwanga, kuhusu kukosekana kwa milango. Nilipofika kwenye ile sentensi nikairuka, sauti yangu haikutikisika hata kidogo, nikaendelea na iliyofuata. Mwalimu wa skuli, nimezoea kusoma huku naangalia mbele. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama.

"Na hapo ndo pamekwisha?"

"Pamekwisha."

"Wameandika vizuri," akasema. "Siku yenyewe lini?"

Nikamwambia ni Jumamosi, saa kumi, lakini ngazi za nyumba ile anazijua, na magoti yake anayajua, na watu watakuwa wengi, atachoka bure, nitamletea picha kwenye simu. Niliyapanga maneno hayo kama muuza duka anayekataa kukopesha. Mama akasema, "Haya." Hakuuliza jengine. Usiku ule sikumtazama.

Siku ya maonyesho niliupita mlango mkubwa kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Suhaib alikuwa ameniwekea mkono mgongoni, anazungumza mfululizo, na mimi nikainua mguu juu ya kizingiti kile kirefu nikajikwaa. Mtu anayejua mlango wa kwao hajikwai. Nikasingizia viatu.

Ua ulikuwa umepakwa chokaa mpya, pana mito ya rangi na mimea ndani ya mitungi. Picha zangu zilining'inia pande zote nne. Walikuwepo watu kama sitini, wageni na wenyeji, yule bibi wa udi akiwa kiti cha mbele, na Mzee Usi nyuma kabisa amevaa kanzu na koti. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba kwa upole uliozidi. Nikaanza kuwatembeza. Hapa tulikuwa tukikaa jioni, nikasema. Huku juu ndiko tulikolala. Nilipanda na watu ngazi ambazo nilizijua kwa chini tu, nikawafungulia vyumba ambavyo sikuwahi kuviona, na nikawa naeleza. Mgeni mmoja aliniuliza kitanda cha bibi yangu kilikuwa upande gani. Nikamwonesha upande.

Tuliporudi uani watu walikuwa wanapewa juisi ya ukwaju na visheti. Hapo nikasikia sauti ya Suhaib inatoka upande wa jikoni, imejaa furaha.

"Jamani, tazameni nani nimempata!"

Alikuwa kamshika mama yangu mkono.

Amevaa buibui lake la Idi, na viatu vyake kavishika mkononi, maana alikuwa amevivua kwenye kilango cha nyuma kama alivyokuwa akivivua zamani. Alikuja kwa kile kichochoro. Hakujua njia nyengine ya kuingia nyumba ile, na hata kama angeijua asingeipita.

"Nimemkuta jikoni anashika ukuta," Suhaib akasema. "Anasema anaijua nyumba hii. Bi, tuambie, wewe nani hapa?"

Watu wote wakageuka. Mama alinitafuta kwa yale macho yake yenye ukungu, kwa muda, mpaka akanipata kwa rangi ya nguo, nadhani. Kisha akasema.

"Mie Mwanapili." Akavuta pumzi. "Mie nlikuwa mtumishi wa nyumba hii." Akanyamaza tena. "Nkifua. Nkipika." Alikuwa akisema kidogo kidogo, neno na kituo, neno na kituo, na mimi nikadhani ni pumzi, ametembea kutoka Jang'ombe na ni mzee. "Na huyu." Akaninyoshea mkono wenye viatu. "Huyu Bi Maisara." Kimya. "Nlimlea mie."

Bi Maisara! Mama yangu aliyenizaa aliniita Bi, mbele ya watu sitini, katika ua ule alimokuwa akiitwa jina tupu na mwanamke wa rika lake.

Nilichokifanya mimi nitakisema kama kilivyokuwa. Nilitabasamu. Nilikwenda nikamkumbatia kwa namna mtu anavyomkumbatia yaya wake wa zamani, kwa kuinama kidogo, na watu wakasema aaa, na simu zikapiga picha. Mwili wake ulikuwa mkavu na mwepesi, unanuka mafuta ya nazi. Mkononi mwangu nilimsikia anangoja kitu. Nikamwachia. Yule bibi wa udi akasema, "Watumishi wa zamani walikuwa na mapenzi, si hawa wa sasa." Mama akasema, "Ndiyo, Bi." Akaomba ruhusa, akarudi jikoni kwa miguu mitupu.

Suhaib akanipa kipaza sauti ili nizungumze. Ilikuwa nizungumze juu ya mahali na mtu, kitu kinachomfanya mtu awe wa mahali fulani. Nilikuwa na karatasi. Nikaitazama ile karatasi, nikaikunja. Aibu ilikuwa imenipanda kutoka miguuni kama maji yanavyompanda mtu anayeingia baharini polepole, na ilipofika shingoni nikasema.

"Yule ni mama yangu."

Hakuna aliyefahamu. Wakadhani ni msemo wa heshima. Nikarudia. "Yule ni mama yangu mzazi. Hii si nyumba yetu. Ilikuwa nyumba ya Bi Shahida, na mama akiwafulia, na mimi nilikuwa mtoto wa jikoni. Juu kule sijawahi kufika mpaka leo. Kitanda nilichowaonesha nimekizua. Mlango sichori kwa sababu siujui. Kwetu Jang'ombe."

Kisha mgeni mmoja akaanza kupiga makofi, na wa pili, na uani kote wakapiga makofi, mwanamke mmoja anajifuta machozi. Suhaib akanisogelea sikioni, uso wake unang'ara. "Hii nzuri zaidi, Bi Maisara," akaninong'oneza. "Kijitabu tutakiandika upya." Nilisimama katikati ya makofi yale nikajua kuwa nimefanikiwa tena, na nikachukia kila kofi. Kwa yale maneno ya kitanda nilistahili kuzomewa, na wao wananishangilia.

Mzee Usi hakupiga makofi. Alikuja mbele taratibu, kofia mkononi, akaniuliza kwa sauti ambayo waliokuwa karibu waliisikia.

"Na mwenyewe yuko wapi, Mwalimu?"

Nikakimbilia jikoni. Mpishi wa hoteli, mwanamke wa Kitumbatu mwenye mikono minene, alikuwa akipangusa meza. Akaniambia yule bibi katoka zamani kidogo, kapita nyuma. "Nlimkataza," akasema, "lakini kaniosheleza vikombe vyote vya wageni. Kasema hawezi kuondoka jikoni akaacha vikombe." Vilikuwa vimepinduliwa juu ya kitambaa, vimepangwa mstari mmoja, mishikio yote upande mmoja. Nikatoka kwa kilango kile, viatu vyangu vya maonyesho vikaingia majini.

Nilifika Jang'ombe magharibi inaadhiniwa. Mama alikuwa ameshavua buibui, amekaa mkekani, anachagua mchele kwa vidole kwa kuwa kwa macho hawezi. Nilikuja njia nzima na maneno yangu, na nitasema kweli, yalikuwa maneno ya mtu anayekuja kupokea zawadi. Niliona nimefanya jambo kubwa. Nimesema mbele ya watu, nimejivunjia jina kwa ajili yake. Nikapiga magoti.

"Mama, nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

"Kuwa weye mama yangu. Kuwa nyumba si yetu. Nimewaambia yote, kipaza sauti mkononi, watu wote wamesikia."

Akaendelea kuchagua mchele. "Mie nlikuwepo?"

"La. Ulikuwa ushaondoka."

"Aa," akasema.

Nikangoja. Nilitaka anishike kichwa. Alitoa kijiwe katika mchele, akakiweka pembeni ya sinia, akatoa chengine.

"Kwa hivo mie nimekuwa mwongo," akasema. "Nimesimama mbele za watu nikasema mie mtumishi wako, kisha umekuja weye ukasema kweli. Watasema bibi yule mwongo."

"Mama, hakuna anayesema hivo. Kwani nani kakwambia useme vile?"

"Kitabu. Ulipokwenda skuli nlimwita Yusra wa jirani, akanisomea. Weye ulisoma haraka sana, nkaona labda kuna kitu. Kimesema umezaliwa Kiponda, na wazee wako wa Kiponda. Nkamwambia Yusra soma tena. Nkasikiliza. Mie simo." Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo ningejua pa kushika. "Na mie nlitaka kuiona ile nyumba, Maisara. Nlitaka kuziona picha zako zimetundikwa. Sasa ntaingia vipi, na mie simo? Nkasema ntaingia kwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwemo mule, hiyo hata kitabu hakiwezi kuitoa."

Nikalia. Nililia kwa kelele, mtu mzima, mwalimu wa watu, paji la uso juu ya mkeka. Nikamwambia nisamehe, nikamwambia nimeona haya, haya imeniingia mpaka kwenye mifupa, nikamwambia alipoitamka ile Bi nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwambia nilishindwa tu, ilikuwa ghafla, sikupata wakati wa kusema kitu.

Vidole vyake vikasimama juu ya mchele.

"Wakati ulipata," mama akasema. "Pumzi ninazo, mwanangu, nimekwenda na kurudi kwa miguu. Nlikuwa nkisema polepole makusudi. Kila neno nlikuwa nkilisema, kisha nnakungoja."